Fimbo ya Jodari Niliyomchagulia Mume Wangu

Ukoo wa mume wangu ulizika mgomba badala ya mume wangu.

Sifanyi mzaha. Mgomba wa kawaida kabisa, ulikatwa nyuma ya jiko la mama mkwe wangu kule Kagoma, Muleba. Waliukata kwa urefu wa mtu, wakauvika shuka jeupe, wakaulaza kwenye jeneza, wakaushusha kaburini.

Kwetu, mtu akifa maji na mwili usipoonekana, hivyo ndivyo wazee wanavyofanya. Mgomba unakwenda kulala mahali pake, ili watu walie, matanga yaishe, nyumba iendelee.

Katekista alikuja akasali. Alihakikisha anasema wazi kwamba anamwombea marehemu Avit, siyo mgomba.

Zamu yangu ya kutupa udongo ikafika. Sikutupa.

Shangazi mmoja wa Avit akanigusa kwa kiwiko. "Tupa, mwanangu."

"Huyo mtu hajafa," nikamwambia.

Watu wakageuka kuniangalia. Walidhani uchungu umenipanda kichwani. Jamani, haukuwa uchungu. Sikuwa nasikia uchungu wowote. Nilikuwa kama mguu uliokaliwa vibaya, ule unaoubonyeza na hausikii kitu.

Kichwani nilikuwa na jambo moja tu. Fimbo ya jodari haipo.

Ngoja niwarudishe nyuma ili mnielewe.

Naitwa Joviana. Kwetu ni Rubya, nikaolewa na Avit wa Kagoma, tukajenga Ijuganyondo, hapa Bukoba. Tuna binti mmoja, Kokwijuka, tunamwita Koku. Yuko darasa la tano.

Avit alizaliwa kwenye kahawa na ndizi. Kwao hakuna mtu aliyewahi kuvua hata dagaa. Lakini alilipenda ziwa tangu akiwa mdogo, basi tukajikaza, tukapata boti ndogo yenye mashine, tukawa tunawapeleka wageni kuvua sangara kwenye mawe ya kisiwa cha Musira.

Siyo kwa nyavu. Kwa fimbo na chambo bandia, yale masamaki ya plastiki yenye ndoano tumboni. Mgeni anarusha mbali, anazungusha rili, kile kigurudumu cha kukunjia uzi, sangara anaona kama samaki mdogo anayekimbia, anakamata.

Avit alikuwa anaendesha boti na kupiga stori na wageni. Mimi nilikuwa upande wa vifaa. Kuchagua fimbo, kufunga uzi, kubadilisha ndoano zilizoliwa na kutu. Wageni wengine walikuwa wanashangaa, mwanamke na fimbo za kuvulia wapi na wapi. Nilikuwa nawapotezea.

Krismasi moja akaja Bwana Kyaruzi.

Ni mtu wa Muleba huko huko, ila maisha yake yako Dar es Salaam. Ana maboti ya kuwapeleka watu kuvua baharini. Wahaya mnatujua, Krismasi hata aliyeko mwisho wa dunia lazima arudi kula ndizi kwao.

Tukampeleka Musira. Hakuvua sana. Alikaa anamwangalia Avit akiwaonyesha wageni jinsi ya kurusha.

Wakati wa kurudi akamwambia, "Wewe una mkono. Njoo Dar. Natafuta mtu wa kuwafundisha wageni wangu. Sisi kule tunarushia jodari."

"Sijawahi kumwona jodari akiwa hai," Avit akasema.

"Utamwona mpaka umchoke. Ila kwangu kila mtu anakuja na fimbo yake. Tafuta fimbo ya jodari, ifanyie mazoezi mpaka mkono uizoee. Ukiwa tayari, nipigie."

Avit akanigeukia mimi. Nikajua kazi imeshaanza.

Kuanzia siku hiyo nyumba yetu iligeuka shule ya jodari.

Nilisoma kwenye simu mpaka macho yakauma. Niliangalia video za Wajapani, za watu wa Oman, za Zanzibar. Nilimsumbua muuzaji mmoja wa vifaa vya uvuvi wa Dar mpaka akawa anapokea simu yangu kwa kusema, "Shikamoo, Mama Jodari."

Kwa wasiojua, nitaeleza kidogo. Sangara ni mzito lakini ni mvivu. Anatikisa kichwa, anaruka, anafoka, anachoka. Jodari hachoki. Akikamata chambo anakwenda chini moja kwa moja, chini ya boti, na anaendelea kwenda.

Kwa hiyo fimbo yake inataka ncha laini, ili uweze kurusha mbali. Hapo hapo inataka mgongo mgumu, ili uweze kumnyanyua. Hivyo vitu viwili havipendi kukaa pamoja, ndiyo maana kuchagua ni kazi. Ukichukua laini, samaki anakuburuza mpaka jua linazama. Ukichukua ngumu tupu, chambo kinaangukia hapo hapo mbele ya miguu yako, na bega linakufa kabla ya saa sita.

Mwishowe zikabaki mbili. Moja ndefu, futi nane na zaidi. Nyingine fupi kidogo, inapinda kuanzia kwenye ncha, ikifika karibu na katikati inagoma.

Avit aliitaka ndefu.

"Itarusha mbali zaidi, Mama Koku."

"Itarusha mbali, halafu samaki akishika, atakuvuta wewe. Fimbo ikiwa ndefu, uzito wote unakurudia."

"Nani kakwambia?"

"Kachukue ufagio wa nje. Ushike kwenye mwisho wa mti, halafu tuning'inize ndoo ya maji kule mbele. Ukishindwa, ushike katikati. Uje uniambie nani kaniambia."

Akafanya kweli. Ndoo ikaanguka, maji yakammwagikia miguuni, Koku akacheka mpaka akakaa chini. Akashika katikati, ndoo ikanyanyuka.

"Haya, fupi," akasema huku anakung'uta suruali. "Lakini ikivunjika ni juu yako."

"Haitavunjika," nikamwambia.

Siku ile naikumbuka vizuri sana. Ila naikumbuka kama video ya familia ya watu wengine.

Fimbo ikaja kwa basi, ndani ya bomba la plastiki. Pete moja ya kupitishia uzi ilikuwa imelegea, nikaifunga upya kwa uzi wa kijani wa cherehani yangu. Avit alianza mazoezi ufukweni. Kila asubuhi kabla ya wageni, kurusha na kuvuta, kurusha na kuvuta. Watoto walikuwa wanamuuliza kama anafukuza ndege.

Na mimi? Ukweli, sikufurahi.

"Nitatangulia," alikuwa ananiambia. "Nikishatulia nitawaita."

Kila mwanamke wa nchi hii anaijua sentensi hiyo. Wapo walioitwa. Wapo wanaosubiri mpaka leo. Tulibishana juu ya hilo, tukalaumiana, halafu tukaacha bila kumaliza.

Asubuhi moja ya Februari aliniambia anatoka na boti, anataka kuijaribu fimbo kwenye maji mengi badala ya ufukweni. Nilikuwa namvalisha Koku sweta la shule. Nikamjibu "sawa" bila kugeuka.

Mchana boti ikaonekana upande wa Kemondo, inaelea yenyewe.

Haikupinduka. Haikuwa na maji ndani. Mashine ilikuwa imezimwa vizuri. Jaketi la kuokolea lilikuwa juu ya kiti. Viatu vyake vilikuwa chini ya kiti, vimepangwa pamoja, na simu ndani ya kiatu kimoja, kama alivyozoea kuiweka isilowe.

Avit hakuwepo.

Walimtafuta. Polisi walikuja, wavuvi walitoka na mitumbwi, watu walizamia. Hakuna kilichopatikana, hata kofia.

Mimi nilirudi nyumbani nikaenda kuangalia vifaa. Sijui kwa nini nilianza na vifaa. Nadhani ni kwa sababu ndiyo kazi yangu.

Fimbo zote za sangara zilikuwepo, zimesimama ukutani. Kule kwenye boti niliona sanduku la chambo, liko wazi, kimoja kimetolewa. Fimbo ya jodari haikuwa ndani ya boti wala nyumbani.

Nikakaa kitandani nikawaza.

Mtu kazama, sawa. Boti haikupinduka, vitu vyote viko mahali pake. Sasa fimbo moja inapotelea wapi? Tena hiyo moja, ambayo kwenye ziwa hili haina kazi yoyote. Ziwani hakuna jodari.

Nikaona nimeelewa. Amepokelewa na boti nyingine huko mbele. Kaacha viatu na simu ili tuseme kazama. Anayetaka asipatikane haendi na simu. Kachukua kitu kimoja tu, kile atakachokihitaji huko aendako.

Kaingia mitini. Kaniacha kwenye mataa, na fimbo ya kuniachia nimemchagulia mwenyewe.

Hapo ndipo kitu fulani ndani yangu kilipozimika. Hata kukasirika kwenyewe nilikasirika kwa akili tu.

Nikampigia Bwana Kyaruzi.

"Avit hajafika kwangu, mama," akasema. "Hata simu hajapiga. Kuna nini?"

"Hakuna kitu. Asante," nikakata. Nilijua anadanganya. Wanaume wanafichiana.

Miezi ikapita, ndipo akaja Tata Byarugaba. Huyo ni baba mdogo wa Avit, ndiye mkubwa wa ukoo sasa. Sisi wake za watoto wao tunamwita Tata, yaani baba.

"Mpola waitu," akanipa pole, akakaa. "Tumesubiri vya kutosha, mwanangu. Mtu hawezi kukaa hivi, si wa huku wala si wa kule. Tutamzika."

"Mtazika nini, Tata?"

"Unajua tutazika nini."

"Tata, Avit yuko hai. Kaenda Dar, au huko pwani popote. Kanikimbia."

"Nani kamwona?"

"Hakuna. Lakini fimbo yake haipo."

"Fimbo," akasema. Akaliacha neno hilo likae mezani, akanywa chai yake taratibu mpaka ikaisha. Wakati wa kuondoka akaniambia siku ya mazishi.

Ndiyo hayo mazishi niliyowaanzia. Mgomba, katekista, udongo ambao sikutupa.

Baada ya watu kupungua, mama mkwe wangu alinifuata nyuma ya nyumba. Jina lake Kokubanza. Ni mwanamke asiyepoteza maneno.

"Una hakika?" akaniuliza.

"Nina hakika, Mawe." Ndivyo tunavyomwita mama kwa Kihaya.

"Huko aliko anakula?"

"Anakula."

"Ana mwanamke?"

"Sijui. Labda."

Akaniangalia kwa muda, akarudi ndani. Niliona amenichukia.

Nikarudi Ijuganyondo. Sikunyoa nywele, sikuvaa nyeusi, sikulia. Nilifua, nilipika, nilikagua madaftari ya Koku. Boti nikamkodisha Kamala, mvuvi jirani yetu, mtu mzima mwenye heshima zake, akawa anaitumia kwa nyavu zake za sangara.

Watu walinisema sana. "Yule mwanamke ana moyo wa jiwe." Moyo wangu haukuwa wa jiwe. Ulikuwa umeacha kuja kazini tu.

Kilichonisumbua kidogo ni Koku.

"Mama, baba yuko wapi?"

"Pwani."

"Mbona kule kwa bibi walimzika?"

"Walizika mgomba. Baba yako yuko pwani."

"Mbona hapigi simu?"

"Ana kazi nyingi."

Siku moja mwalimu wake akanisimamisha barabarani, akaniuliza kwa sauti ya chini kama ni kweli baba yake Koku anavua jodari, kwa sababu mtoto anawasimulia wenzake kila siku. Nikamwambia ni kweli. Nilikuwa naamini hivyo. Hata sikuona aibu.

Mama mkwe naye alikuwa ananipigia Jumapili baada ya misa. Simu fupi. "Umesikia chochote?" Namjibu bado. "Haya." Anakata.

Basi, mwaka ukawa umekatika, siku moja napekua simu, nikakuta video ya maboti ya Bwana Kyaruzi. Wageni wanashangilia. Pembeni kuna mwanaume amesimama amegeuza mgongo, anarusha. Mabega ya Avit. Fimbo ni ile, rangi ile, urefu ule.

Niliicheza ile video mpaka chaji ikaisha.

Nikampeleka Koku kwa dada yangu kule Rubya, nikapanda basi la Dar. Sikumwambia mtu. Njia nzima nilikuwa najiandaa nitakachomwambia Avit, na kila nilichokipata kilikuwa hakina ladha. Mwishowe nikaamua nitamuuliza tu kama fimbo inamfaa.

Nikamkuta Bwana Kyaruzi kwenye maboti yake. Alishtuka kuniona, akaniletea kiti na soda.

"Nataka kumwona mtu huyu," nikamwonyesha video.

Akaita. Akaja kijana mmoja wa Kilwa, mpole, akanipa shikamoo. Mabega yalikuwa kama ya Avit. Basi, mabega tu.

"Mletee fimbo yako mama aione," Kyaruzi akamwambia.

Nikaishika. Pete zote zilikuwa na nyuzi zake za kiwandani. Hakuna uzi wa kijani.

"Zinatengenezwa nyingi za namna hii, mama," Kyaruzi akasema taratibu. "Ile ya Avit nani aliichagua?"

"Mimi."

"Ulichagua vizuri. Wengi wanakuja hapa na ndefu, tunawacheka." Akanirudishia video yangu. "Nilimsubiri, unajua. Nilimwekea nafasi yake mpaka Pasaka."

Safari hii nilimwamini.

"Alikuwa anaifanyia mazoezi peke yake?" akaniuliza.

"Ndiyo. Kila asubuhi."

Akafungua mdomo kama anataka kuuliza jambo lingine, akaacha. Akanitafutia gari la kunirudisha stendi.

Mnadhani nilibadili mawazo? Wapi. Njia nzima ya kurudi nilikuwa najiambia, kama hayuko kwa Kyaruzi yuko kwa mwingine. Kuna Mafia, kuna Pemba, kuna Mombasa. Bahari ni kubwa. Mtu mwenye fimbo yake hakosi kazi.

Sikuwa na wiki nyumbani, Kamala akanipigia simu asubuhi.

"Dada, njoo mwaloni."

"Boti imeharibika?"

"Boti nzima. Wewe njoo."

Mwaloni, pale mitumbwi inapofikia, nilikuta wavuvi wamezunguka kitu. Wakanipisha. Juu ya gunia kulikuwa na fimbo.

Ilikuwa na tope na vikonokono vidogo vimeng'ang'ania kwenye mpini. Rili imeota kutu. Nikainama, nikafuta pete kwa kidole. Uzi wa kijani.

"Wavu ulinasa kwenye mawe ya Musira," Kamala akasema. "Tukadhani ni gogo. Tulipovuta ikaja hiyo."

Kwenye mpini kulikuwa na kamba imefungwa. Nikaifuata kwa mkono. Mwisho wa kamba kulikuwa na mkanda wa suruali.

Mkanda wa Avit. Chuma chake kilikuwa bado kimefungwa, kwenye lile tundu lililopanuka. Hakuna aliyeufungua.

"Na kingine?" nikamuuliza Kamala.

Akatikisa kichwa. "Hakuna kingine, dada."

Akaangalia ile kamba. "Hii alifungia nini? Nani anajifunga fimbo mwilini?"

Mvuvi aliyezaliwa ziwani hawezi kuelewa. Mimi nilielewa hapo hapo, kwa sababu nami nimezaliwa kwenye kahawa.

Ukienda kuchuma kahawa unafunga kikapu kiunoni. Mikono inabaki huru, mmoja wa kuvuta tawi, mmoja wa kuchuma, na hakuna kinachoanguka. Mtoto wa Kagoma anafungwa kikapu kiunoni kabla hajajua kusoma. Kwetu, kitu usichotaka kikuponyoke unakifunga kiunoni. Avit alikuwa amesimama kwenye boti inayoyumba, na mkononi ana kitu alichokithamini kuliko vyote tulivyokuwa navyo. Akafanya kama mama yake alivyomfundisha.

Jaketi alilivua kwa sababu linabana mkono wakati wa kurusha. Viatu alivivua ili asiteleze. Rili ilikuwa imekazwa kwa nguvu za jodari, isiachie uzi kirahisi, kama tulivyoelekezwa. Akarusha kwenye mawe, sangara mkubwa akakamata, wale wanaozidi mtu uzito. Akavutwa, akakosa mguu wa kusimamia. Kitu ambacho mwingine yeyote angekiachia, yeye hakuweza kukiachia.

Fimbo ilikuwa nzima. Haikupasuka popote. Nilichagua vizuri.

Hakupokelewa na boti yoyote. Hakwenda pwani. Alikuwa pale pale Musira, ninapopaona nikisimama barabarani, wakati mimi natafuta sura yake kwenye video za watu.

Nilisimama nikisubiri kitu kinishike, kilio, kizunguzungu, chochote. Hakikunishika. Kamala akaniletea ndoo, akaigeuza, nikaikalia.

Siku ya pili nilikwenda Kagoma na fimbo na mkanda. Nilipitia kwanza kwa Tata Byarugaba, nikamweleza, nikamuuliza kama tunaweza kuvizika.

Alivishika, akavigeuza, akavirudisha kwenye gunia kwa adabu.

"Hatuziki mtu mara mbili," akasema. "Kaburi lake lipo na lina mtu wake. Mgomba ulishakuwa yeye." Halafu akaongeza, "Mpelekee mama yake. Mimi siwezi."

Mama mkwe nilimkuta jikoni anamenya ndizi. Nikaweka mkanda mbele yake. Nikamweleza yote, mawe, kamba, wavu. Nilieleza kama mtu anayesoma matangazo kanisani.

Akafuta mikono kwenye kanga. Hakuugusa mkanda.

"Kwa hiyo hakuwa pwani."

"Hakuwa, Mawe."

"Wala hakukukimbia."

"Hakunikimbia."

Nikasubiri anitukane. Alikuwa na haki. Nilimsema mwanawe mbele ya kaburi, nikamwita mwongo mbele ya ukoo mzima, mwaka na zaidi.

Hakunitukana.

"Siku ile ya mazishi nilikuchukia," akasema. "Nikaingia ndani, nikalala, nikawaza, je kama huyu msichana anasema kweli? Tangu hapo, jumuiya wakisali kumwombea marehemu Avit, mimi naomba langu. Namwomba Mungu mwanangu awe mwongo. Awe kakukimbia. Awe na mwanamke huko, hata watatu. Nilikuwa naomba wewe ndiye uwe sahihi."

Akachukua ndizi nyingine, akaishika bila kuimenya.

"Watu wote walikuwa wamemzika. Wewe peke yako ndiye uliyekuwa unaniambia anakula. Ndiyo maana nilikuwa nakupigia."

Nikauvuta mkanda upande wangu.

"Sasa na wewe umekuja kuniambia hayupo," akasema. Hakuwa na hasira. "Basi."

Nikatafuta kisu cha pili, nikakaa, tukamenya ndizi zote. Zilikuwa nyingi kuliko watu wa kuzila.

Koku nilimwambia nilipomfuata Rubya. Nilimweleza bila kuzungusha. Aliniuliza swali moja tu.

"Kwa hiyo baba hakutuacha?"

"Hakutuacha."

Akalia hapo hapo. Alilia kwa sauti, na kwikwi, mpaka akalala mapajani kwangu. Nilimwonea wivu. Mimi mpaka leo bado. Najua kilio kitakuja, daktari mmoja kaniambia kitakuja, niko hapa nakisubiri.

Kwa nini nimewaandikia haya leo?

Kuna kundi la wavuvi niko humo mtandaoni, wengi ni vijana wa pwani. Wiki iliyopita mmoja kaniuliza, "Mama, natafuta fimbo ya kurushia jodari, nichukue ipi?" Nikamjibu kama ninavyowajibu wote. Usidanganywe na ndefu. Usiipimie dukani, omba uirushe mpaka bega liseme lenyewe. Ncha laini, mgongo mgumu.

Nikaona sijamaliza. Nikamwongezea, na nyie mliofika mpaka hapa nawaambia hivyo hivyo. Ukitaka fimbo isizame, ifunge kwenye boti. Wewe baki huru.

Na siku mtu wako akitoweka na kitu, usikimbilie kusema kakimbia nacho, kama nilivyofanya mimi. Inawezekana ameshindwa kukiachia.